Sura ya Tisa: Tundu la Ufunguo Lililochorwa Ukutani

Mafuniko ya sufuria ndiyo yaliyotangulia kusema. Kabla Inspekta Waziri hajapinda kona ya barabara ya kituo cha treni, aliyasikia: bati juu ya bati, kwa, kwa, kwa, bila wimbo na bila kupumzika. Hakuhitaji kuambiwa. Wanawake wa Kibombo wanapomdai mtu chakula hawatukani wala hawatupi mawe. Wanakaa mbele ya mlango wake na sufuria tupu, wanazigonga asubuhi yote, mpaka majirani wajue ni nyumba gani imekula jasho la wengine.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Salama, mjane muuza nafaka, mwanamke ambaye mpaka juma lililopita mji mzima ulimwachia mali bila kuomba shahidi.

Mama Pélagie, kiongozi wa wale wanawake, alikuwa ameketi katikati ya njia, miguu ameinyoosha kama mtu aliye uani kwake. Alimwona Waziri, lakini mkono wake haukuacha kugonga.

"Umekuja kumufunga ao kumuchunga?"

"Nimekuja kumuuliza, mama."

"Munauliza, munauliza. Mpunga hauna masikio, Inspekteri. Hata muite namna gani, hautaitika." Wenzake wakacheka, cheko kavu. "Ile ilikuwa mbegu yetu na chakula chetu. Tumekungoja. Leo jua likizama bila jibu, tunaingia parke, mwendesha mashtaka amuchukue. Kule hawagongi sufuria."

Waziri aliinamisha kichwa, akapita katikati yao.

Habari ilikuwa fupi na chungu. Wanawake walipakia mavuno yao kwenye treni kule Kibombo, kwa jina la Salama, ili awauzie kama kila msimu. Treni ilipofika Kindu, Isidore, mkuu wa kituo, alipokea imeli kutoka anwani ya Salama mwenyewe: wape mzigo hawa watu wenye mikokoteni. Akawapa. Salama anaapa hakuandika hata herufi. Kitu kimoja tu kilitangulia imeli ile: siku chache kabla, Salama alikuwa amepokea notisi ya kodi kwa imeli, na kiambatisho chake alikifungua.

Waziri alimkuta Salama ameketi kwenye mkeka, kanga ameifunga kichwani kana kwamba anaumwa.

"Sikula mpunga wa watu, mwanangu. Unanijua."

"Ninakujua, mama Salama. Lakini mwendesha mashtaka atasoma imeli, hatasoma uso wako. Nieleze tena ile notisi."

"Papa Youssouf alinipigia simu toka chumba chake cha kompyuta. Akasema ofisi ya kodi imeniandikia, wanataka kufunga depo yangu ya nafaka. Nikakimbia kwake. Mashine ikaomba neno la siri, ikapewa, karatasi ikaonekana. Tukaichapisha. Basi."

"Uliuliza kwanza ofisini kama ni yao?"

"Ukisikia kodi unauliza nini? Unaogopa tu."

Waziri aliichukua ile karatasi, akaikunja, akatoka. Nje sufuria zilikuwa zinaendelea.

*

Claire wa ofisi ya kodi alikuwa mwanamke wa miwani na subira fupi. Aliisoma notisi akiwa amesimama.

"Ya uongo," alisema. "Lakini aliyeitengeneza amekula mezani kwetu. Namba ya mlipa kodi ni yake kweli. Muhuri ni wetu."

"Umejuaje kwamba ni ya uongo?"

"Umesema iliomba neno la siri. Sisi hatuombi neno la siri, Inspekteri, hata mvua inyeshe kwenda juu. Kiambatisho chetu kinafunguka kama karatasi, basi. Kikianza kukuomba kitu, ao kukuambia uruhusu kitu, unafunga. Haujibu, wala haupigi namba iliyoandikwa humo ndani, maana mwongo atakupokea vizuri sana. Unakuja dirishani kwangu, ao unapiga namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Tumewaambia watu. Lakini wanafungua kwanza na kuogopa nyuma. Ingefaa waogope mbele."

"Hakuna hata mmoja anayekuja kuuliza?"

"Mmoja alikuja. Notisi yake ilikuwa ya kweli. Akakasirika kuliko kama angekuta ya uongo."

Waziri hakucheka. Namba ya kweli, muhuri wa kweli: harufu ya mtu wa ndani. Claire akaisoma fikra hiyo usoni pake kabla haijafika mdomoni.

"Sema tu. Unafikiri ni sisi."

"Ninafikiri ni mtu aliyeshika notisi ya kweli mkononi. Mwaka jana mulimwandikia Salama?"

Claire alifungua kabati, akatoa nakala ya ofisi. Wakaziweka karatasi mbili pamoja mezani. Muhuri ulikuwa uleule, umelala upande uleule, na wino umevimba pembe ileile. Lakini kwenye karatasi ya uongo kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele, uliokata muhuri toka juu mpaka chini. Nakala ya ofisi haikuwa nao.

"Uchafu wa mashine," Claire alisema.

"Mwanzo ni huu," Waziri akasema. "Hakuiba kutoka kabati lenu. Alichukua notisi ya Salama mwenyewe ya mwaka jana, akaipitisha kwenye kioo kilichokwaruzika, akabadili maneno."

Claire alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake. "Basi niombe radhi."

"Sijakutuhumu kwa sauti."

"Uso wako una sauti."

*

Mwizi ambaye mji mzima ulishangilia kukamatwa kwake alikuwa tayari selo. Waziri mwenyewe ndiye aliyemfunga: Bruno, fundi wa kompyuta aliyetoka Kisangani, kijana mwenye mdomo mrefu, aliyewahi kujigamba kwenye baa kwamba hakuna imeli asiyoweza kuifungua.

"Shefu, umeniletea chai ao umeniletea mateso mengine?" aliuliza kutoka nyuma ya nondo.

"Nimekuletea kazi." Waziri alipitisha kompyuta ya ofisi na kiflashi chenye kile kiambatisho. "Niambie kinafanya nini."

"Unamupa mwizi ushahidi?"

"Mlango mbovu anaujua aliyezoea kupita. Na nitakaa hapa, macho kwenye vidole vyako. Kisha nitamtumia mwingine Kinshasa ahakikishe unachosema."

Bruno alikaa chini, akakunja mikono ya shati kama daktari. Kwanza alikata mtandao. "Kitu kama hiki haukifungui kwenye mashine yenye kazi zako," alinong'ona, "hata kikiwa na jina la mama yako." Akafungua, akasoma, akafungua ndani ya alichokifungua. Muda ukapita. Kisha akasukuma kompyuta pembeni kwa dharau.

"Hii nani ameitengeneza? Mimi ningeitengeneza hii, ningeona haya kutembea mjini."

"Sema."

"Inaonyesha kisanduku: andika neno lako la siri. Unaandika. Halafu inafungua karatasi. Lile neno haliendi popote, Shefu. Halitumwi, halihifadhiwi. Andika neno, andika matusi, andika jina la mbuzi wako, itafunguka tu. Ni tundu la ufunguo lililochorwa ukutani. Unaingiza ufunguo, nyuma yake kuna ukuta."

"Na virusi?"

"Hakuna. Iko safi kuliko hii selo."

Waziri alikichomoa kiflashi. Juma zima alikuwa amewinda kiambatisho, na kiambatisho kilikuwa kitupu.

"Kama hii haikuiba neno," alisema polepole, "imeli ya Salama ilifunguliwa na nini?"

"Na ufunguo wake. Muntu aliyekuwa nao tangu mbele. Lakini akifungua kwa ufunguo, mutauliza nani ana ufunguo. Kwa hiyo akachora tundu ukutani, mupate kumutafuta mwizi wa mbali." Bruno alijinyoosha, akashika nondo mbili. "Mukanipata mimi. Sasa fungua, Shefu. Na chai bado naingoja."

*

Waziri alimpitia Salama nyumbani. Walipotoka mlangoni, Mama Pélagie aliinuka, wenzake wakainuka, na msafara ukawafuata, sufuria kwapani, kimya.

Sekretaria ya Papa Youssouf ilikuwa chumba kimoja chenye jenereta nje na kompyuta mbili ndani. Nusu ya wafanyabiashara wa Kindu waliandikia barua zao pale, walitoa kopi pale, na imeli zao zilifunguliwa pale. Hawakwenda kwa ajili ya mashine. Walikwenda kwa ajili ya mtu. Miaka ya vita, mji ulipozingirwa, karatasi ilikuwa kifo: ukikutwa na barua, upande wowote, wewe ni mpelelezi. Youssouf alivusha maneno kwa kichwa. Alivuka mto kwenda Alunguli na mbele zaidi, kwenye njia za msitu, akapokea ujumbe wa watu, akarudi nao bila kuandika. Alisimama uani kwako, akafunga macho, akaanza, "Fulani anasema," na kila neno likatoka lilivyoingia. Hivyo ndivyo mama yake Waziri alivyojua kwamba mumewe yuko hai. Waziri alikuwa mtoto. Siku ile alitaka akikua awe Youssouf.

"Karibu, mwanangu," mzee alisema kutoka nyuma ya kaunta. "Leo umeniletea kijiji kizima."

"Nataka kopi ya kitambulisho changu, papa."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Taa ya mashine ilitambaa chini ya kifuniko. Waziri aliipokea karatasi ikiwa bado na joto, akailaza kaunta, na kando yake akalaza notisi ya uongo. Mstari kwa mstari, mahali palepale.

"Kioo chako kimekwaruzika."

Youssouf aliangalia, kisha akacheka kwa upole. "Siku nyingi. Mji wote unatembea na mstari wangu mfukoni. Ukinifunga kwa mstari, funga Kindu yote."

"Ni kweli. Mstari umenitajia nyumba, haujanitajia mtu." Waziri aligeuka. "Mama Salama, neno lako la siri ni lipi?"

"Usimujibu," Youssouf alidakia. "Siri ni siri, hata mbele ya polisi."

Salama aliwatazama wote wawili, hakuelewa ugumu uko wapi. "Silijui. Yaya Youssouf, ni kaka kwangu, njo alinifungulia ile imeli. Nikamwambia, wewe uchunge, kichwa changu kimechoka. Kama zamani."

"Siku ya notisi, mashine ilipoomba neno, nani aliandika?"

"Yeye. Nani mwingine?"

Nje jenereta ilikohoa, ikaendelea. Waziri alijilaumu moyoni: swali jepesi kuliko yote hakuwahi kuliuliza, kwa sababu humu mjini hakuna amwulizaye mtu kama Youssouf ana nini mkononi.

"Kiambatisho hakikuiba kitu, papa," alisema. "Kimechunguzwa. Ni mchoro. Uliuchora ili Salama akumbuke kwamba mashine iliomba neno, ukaliandika mbele ya macho yake, nasi tumtafute jambazi wa mbali. Lakini wewe hukuhitaji kumwibia ufunguo. Alikuwa amekupa."

"Maneno mazuri. Unaandika mashairi siku hizi?"

Simu ya Waziri ililia. Alikuwa Louis, mwenzake aliyemtuma kuwafuata wasukuma mikokoteni wa kituoni. Waziri alisikiliza, kisha akarudia kwa sauti ili wote wasikie. "Boti iko Alunguli. Inaelekea Ubundu, injini ndiyo iliyoichelewesha. Magunia yameshonwa midomo kwa kamba ya majani, mshono wa Kibombo. Nahodha anasema mwenye mzigo ni Papa Youssouf."

Nje, mtu alivuta pumzi. Mama Pélagie aliweka sufuria yake chini, taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Youssouf hakukimbia wala hakulia. Alivuta kiti, akaketi, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu anayepanga bei.

"Sawa. Sasa tusikilizane, Inspekteri. Imeli ilitoka kwa Salama. Mzigo ulikuwa kwa jina la Salama. Yeye akisema alinituma, hakuna wizi, iko biashara tu, na Louis wako anaiacha boti iende. Ni kweli ao si kweli?"

Waziri alisaga meno. "Ni kweli. Bila mashtaka yake siwezi kuizuia."

"Basi ni neno lake." Akamgeukia Salama. "Dada yangu. Djamali alinipa maneno."

Djamali alikuwa mume wa Salama. Alitoka Kindu wakati wa vita kutafuta chakula upande wa Obokote, akafia kule. Hilo Youssouf ndiye aliyelileta. Alisema alikuta kaburi tu.

"Ulinieleza haukumukuta," Salama alisema.

"Nilimukuta. Alikuwa na siku chache. Alinipa ujumbe wako, murefu, na ninao wote. Sijapoteza hata neno."

"Kwa nini haukuniletea?"

"Ungevuka kumufuata. Na mimi ndiye ningekuvusha, mbele ya bunduki. Nikanyamaza. Halafu miaka ikapita, na kinywa kikawa kizito."

"Ama hakuna ujumbe wowote," Waziri alisema. "Ni kiambatisho kingine."

Youssouf hakumtazama. "Alianza na mlango wa nyuma, Salama. Ule aliokuahidi kuutia komeo. Alisema unisamehe, nimekuacha unalala na mlango unaoegemezwa jiwe."

Mkono wa Salama ulishika ukingo wa kaunta. Waziri alimwona akipauka, akajua kwamba jiwe lile lilikuwapo, na kwamba safari hii mzee hakudanganya.

"Kila Idi," Salama alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "kila Idi ulikaa mkekani kwangu. Ulikula wali wangu. Watoto wangu walikubusu mkono. Na maneno yake yalikuwa tumboni mwako."

"Sema tu kwamba ulinituma. Wanawake watalia msimu mmoja, watalima tena. Wewe na mimi tutakaa leo hii, nikupe yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mwingine duniani aliye nayo. Nikiingia gereza na uzee huu, yanazikwa."

Sheria haikuwa na neno la kuweka hapo. Waziri angeweza kumtia mzee pingu dakika ile kwa notisi ya uongo, lakini Salama akikubali, boti ingeondoka, na jua likizama parke ingemchukua huyu mwanamke kwa mpunga ambao yeye mwenyewe angekuwa amekiri kuutoa. Yote yalining'inia kwenye mdomo wake mmoja.

Salama aliachia kaunta. Alitembea mpaka mlangoni, akasimama kizingitini, mgongo wake kwao, uso wake kwenye mwanga na kwenye wanawake waliojipanga barabarani.

Nyuma yake, Youssouf alifunga macho. Akakaa wima kama alivyosimama zamani kwenye nyua za watu, na ile sauti ya miaka ya vita ikatoka, tulivu, isiyotetemeka.

"Djamali anasema," akaanza. Kisha akanyamaza, akingoja ageuke.

Mabega ya Salama yalipanda na kushuka mara moja. Hakugeuka.

"Mama Pélagie," alisema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara, "sikumutuma huyu muntu. Njo hivyo nitasema leo parke, njo hivyo nitasema mbele ya hakimu, nikitaja jina lake, Youssouf, hata waniulize mara ngapi. Sasa hivi ninashuka mtoni pamoja nawe, tunapanda mtumbwi mmoja kwenda Alunguli, na sitarudi upande huu bila mpunga wenu. Ninakuahidi, na hawa wote wasikie."